Naomba ushauri, hii "wewe" ya filamu nitaifanyaje?
Wadau habari, niko Kisumu, Jumamosi nataka kuonyesha vijana wa plot yetu filamu ya Ufaransa ya 1974, Un homme qui dort, ya Georges Perec na Bernard Queysanne. Mwanafunzi anazunguka Paris peke yake haongei hata neno moja, ni sauti ya mwanamke tu inamsimulia. Soksi zake zimelowekwa kwa beseni, hiyo picha hainitoki kwa akili juu niliishi hivyo Nairobi mwaka mzima, jirani wa ukuta mmoja hajui hata jina langu. Sasa natafsiri ili dada yangu asome kwa maiki, shida sauti inamwita "wewe" mwanzo mpaka mwisho na huku ukimwambia mtu wewe wewe ni kama unamgombeza. Nitoe "wewe" nibaki tu na ile "u" ya mwanzo wa kitenzi, umelala, umeamka, ama itakosa nguvu? Wenye mmewahi kutafsiri nisaidieni tafadhali.