Kundi la Familia, Jumapili 14 Agosti 2022

Juma (Pittsburgh): Jamani nani aliona mpira aliodaka Pickens jana, mdakaji mpya wa Steelers, timu yetu ya futiboli ya Marekani?? Yadi 26, konani kabisa, vidole vya miguu yote miwili ndani ya mstari! Nyota njema huonekana asubuhi 🔥

Neema: Niliruka mpaka mtoto akaamka.

Juma: Jezi namba 14 naagiza leo leo. Mwaka huu yadi 1,000 za kudaka anafikisha. Shikamoo mjomba, najua unasoma.

Mjomba Salim: Marahaba. Hata mimi niliinuka kitini. Ila ile ni mechi ya maandalizi. Agosti hakuna anayeonyesha mbinu zake, na mabeki wengi wanaoingia wanapigania ajira: kambini wako 90, watabaki 53. Yadi 1,000 usizitaje sasa.

Juma: Lakini fainali ya vyuo Januari alidaka ya yadi 52 mbele ya Alabama! Na hiyo ni baada ya ligamenti ya goti kukatika Machi 2021.

Mjomba Salim: Ndiyo maana nampenda. Limas Sweed, mdakaji wetu wa zamani, mnamkumbuka? Drafti ya 2008 (timu zikichagua wachezaji wapya kwa zamu), chaguo la 53. Pickens ni la 52. Tulimshangilia hivihivi. Misimu yake yote ya kawaida NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, alidaka mipira 7. Ule aliouangusha fainali ya AFC (nusu moja ya ligi) dhidi ya Ravens, yuko peke yake, bado unaniuma.

Neema: Na Antonio Brown, aliyekuja kuwa nyota wetu? Alichaguliwa raundi ya sita, mwaka wa kwanza mipira 16 tu.

Mjomba Salim: Umesema vema. Angehukumiwa kwa mwaka ule tungempoteza. Na Claypool, mdakaji wetu mwingine: mwaka wa kwanza tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 9 za kupokea, wa pili 2, waliomwimba wakamgeuka. Pickens ana miaka 21. Sitaki Novemba niwasikie mnamzomea kwa ahadi mliyomwekea nyie.

Shangazi Rukia (Dar): Huku kwenye soka ni hivyohivyo. Mshambuliaji mpya anavikwa taji siku ya kutambulishwa, ligi ikianza anatukanwa. Mabao mawili ya Mayele wa Yanga jana nayahesabu, maana Ngao ya Jamii ni kombe.

Juma: Sawa mjomba, 1,000 nazifuta. Jezi je?

Mjomba Salim: Jezi nunua. Jumamosi tunacheza na Jacksonville, njooni kwangu. Mwangalieni Pickens mpira ukienda kwa Diontae, mdakaji mwenzake: anazuia mabeki? Anaikimbia njia yake mpaka mwisho? Kocha anatazama hapo.

Neema: Sambusa naleta mimi.