Taa ya FAULT haizimi, na king'ora nikifunge wapi?

FundiWaWete: Asalaam alaykum wakuu. Swichi ya mtandao ya viwandani, kabati la nje. Taa za vyanzo viwili vya umeme: PWR1 kijani, PWR2 imezima; ya hitilafu, FAULT, nyekundu muda wote ingawa mtandao unapita. Pini mbili za kengele, nipitishe king'ora cha volti 230 moja kwa moja?

Malindi_Net: Usithubutu, ndugu yangu. Pini zile ni mguso wa rilei tu (swichi inayosukumwa na koili ya umeme), hazitoi umeme, na nyingi zinabeba ampea 1 kwa volti 24 DC. Ziendeshe rilei ya nje ya volti 24, hiyo ndiyo ikate 230. Weka dayodi (kipitisha umeme upande mmoja) sambamba na koili yake, upande wenye mstari kwenye chanya. Bila hiyo cheche zitakula mguso mdogo.

FAULT nayo inalia kwa haki: umefunga chanzo kimoja, yeye anangoja viwili. Funga cha pili, au kama ina swichi ndogo za DIP, zima kengele ya PWR2. Baadhi husoma DIP wakati wa kuwaka tu, kwa hiyo zima swichi nzima ya mtandao, washa tena.

MkoaniFaiba: Kabla ya kufunga, pima pini kwa mita ya ohm: mara swichi ikiwaka bila hitilafu, mara ikiwa imezimwa. Vipimo viwe tofauti: kengele inayotulia umeme ukikatika ni pambo. Na king'ora kiwe na betri yake.

Skurubu zikiwa na ukijani, ndiyo chumvi hiyo. Kata ncha ya waya, bana upya.

FundiWaWete: Ukijani upo. Naanzia hapo.