Mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba, safari ya Nansio na ndugu wanaotusubiri

Mama wa Nyegezi anauliza:

Nawasalimu nyote, wakubwa zangu, shikamooni. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatarajia kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, kwa siku sita, ili mama mkwe amwone mjukuu wake ambaye hadi leo anamfahamu kwa picha za simu tu. Binti yetu ana mwaka mmoja na miezi saba, bado ananyonya, hatulii mahali pamoja, na hulia akishikwa na mtu asiyemzoea.

Kinachonitia hofu si maji peke yake. Tulipokwenda Sengerema mara ya mwisho, daraja la Kigongo–Busisi lilituondolea adha ya kusubiri kivuko, nasi tukaona muda huo tuutumie kusalimia watu wengi zaidi. Tulipita nyumba nane kwa siku mbili, na kila nyumba mtoto alitiwa kitu mdomoni: huku chai, kule kipande cha sato, kwingine karanga. Siku ya tatu alianza kuharisha, akashikwa na homa, tukarudi Mwanza usiku nikiwa nimempakata huku machozi yananitoka. Ukerewe ndugu ni wengi zaidi, na wengine wako kisiwa cha jirani cha Ukara. Nifanyeje ili mtoto asichoke namna ile, na wakati huohuo asiwepo mzee atakayesema kwamba mke wa kijana wao anawakwepa? Na je, ni heri tupande meli hapa Mwanza au tuzungukie Bunda?

Baba wa Mapacha, Bunda:

Dada, nimepita njia zote mbili na watoto wawili wa umri huo. Meli ya kutoka Mwanza huchukua takriban saa tatu au zaidi hadi Nansio, lakini mkishapanda mmepanda. Mtoto atalala, atanyonya, atatembea kidogo akiwa ameshikwa mkono. Njia ya barabara hupitia Magu, Lamadi na Bunda, kisha mnakunja kuelekea Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Maji ya kuvuka ni machache, ila kukaa garini ni kwingi, na jua la mchana humchosha mtoto kuliko mawimbi. Mimi ningechagua meli, tena ya mchana, kwa sababu ziwa letu hupata radi na dhoruba zaidi usiku na alfajiri.

Ulizeni jaketi okozi la saizi ya mtoto kabla chombo hakijang'oa nanga, maana la mtu mzima humvuka kichwani. Mkiwa majini usimfunge mgongoni kwa mbeleko, mpakate. Na mkiona watu wamezidi, shukeni msubiri safari nyingine, hata kama nauli imeshalipwa. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 zote zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo wake, na sisi wa kanda hii tumezika wengi.

Muuguzi wa Igoma:

Chukua kadi ya kliniki, na uhakikishe amepata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, ambayo hutolewa akiwa na miezi 18. Beba chandarua chenye dawa cha kwenu, kwa kuwa malaria ipo sana kandokando ya ziwa na wageni wengi hulazwa pale penye nafasi, pasipo chandarua.

Usimruhusu achezee maji ya ufukweni, hata kama watoto wenyeji wanaoga hapo. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi bila mtu kuhisi. Maji ya ziwa ya kumwogeshea yachemshwe, kisha yaachwe yapoe.

Beba pia pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, vya kumpa akiharisha. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 humwagwa. Zinki kwa mtoto wako ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Endelea kumnyonyesha. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Homa nayo apimwe malaria, asipewe dawa kwa kubahatisha. Karanga nzima na samaki mwenye miiba asipewe kabisa, kwa kuwa humkaba.

Bibi wa Murutunguru:

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mmoja wa hao wanaosubiri wajukuu, kwa hiyo nisikilize. Mumeo ndiye apige simu, si wewe, kwa sababu neno hilo likitoka kwa mtoto wao litapokewa, na likitoka kwako litaitwa dharau. Aseme, "Tumefikia kwa mama, karibuni mumwone mtoto hapo." Siku ya kwanza pumzikeni. Wazee wasioweza kutembea wafuateni wenyewe asubuhi, mtoto akiwa ameshakunywa uji, nyumba moja kwa siku. Ukara mumeo aende peke yake safari hii.

Chakula usikikatae. Pokea kwa mikono miwili, kile wewe, na cha mtoto sema atakula akiamka. Akilia, usimkabidhi kwa mtu. Keti naye mapajani, mgeni azungumze na wewe kwanza, naye atakuwa anausoma uso wako. Mjukuu wangu wa Dar es Salaam alinikimbia siku mbili nzima, nami niliumia, lakini sikumlazimisha. Siku ya tatu alinifuata shambani mwenyewe, ameshika upindo wa kanga yangu.

Mama wa Nyegezi:

Ahsanteni sana, na bibi, nakushukuru kwa namna ya pekee. Tutapanda meli ya mchana. Mume wangu alimpigia mama yake jana jioni na kumweleza yote. Nilidhani atanuna, kumbe alifurahi kwamba mjukuu atakaa kwake siku zote sita. Alichouliza ni kimoja tu, mtoto amezoea uji wa unga gani, ili aanze kuutafuta mapema.