Ada ya blokicheni: irudi kwa wanachama au kwa nani?

Bodaboda, Jinja: Ndugu zangu, naomba maoni yenu. Kikundi chetu cha akiba kina watu 26. Mtu mmoja anatushauri tuhamishie akiba kwenye tokeni, yaani sarafu za kidijitali zinazoandikwa kwenye blokicheni, lile daftari la pamoja la mtandaoni. Anasema tukitumiana, sehemu ya ada itakusanywa, na mwisho wa mwezi anayetuma sana atazawadiwa. Hiyo ni haki, au ni kukatwa mkia halafu kulishwa mkia huohuo?

Fundi simu, Kampala: Ni haki tupu. Septemba 2020 Uniswap, soko la kubadilishana tokeni mtandaoni, waligawa tokeni zao 400 za UNI kwa kila anwani, yaani kama namba ya akaunti, iliyokuwa imewahi kulitumia. Mtandao mpya bila zawadi haupati watu. Anayelilia ada ya shilingi mia tano abaki na kibubu chake.

Mama wa mukene (dagaa), Busia: Mwanangu, mia tano ni faida yangu ya fungu zima. Kibubu unachokidharau ndicho kilicholipa karo za watoto wangu.

Fundi simu: Mama, sikukutaja wewe.

Mama wa mukene: Umemtaja anayelilia mia tano. Ni mimi huyo.

Mwanafunzi, Makerere: Fundi, umeeleza nusu. Zile 400 zilikwenda kwa anwani, si kwa mtu. Aliyekuwa ametumia anwani kumi alivuna mara kumi. Halafu kwenye Ethereum, mtandao mmoja mkubwa wa blokicheni, ada haitazami kiasi unachotuma, inatazama kazi ya mtandao na msongamano wa saa hiyo. Wa elfu ishirini na wa milioni ishirini, wakituma saa moja kwa njia moja, wanakatwa sawa. Nani anaumia hapo kama si Mama? Tangu Agosti 2021 ada ya msingi inachomwa, yaani inafutwa kabisa, na anayethibitisha miamala anapata bakshishi pamoja na ether mpya, sarafu ya mtandao huo. Ndugu wa Jinja, muulize mshauri wenu zawadi inatoka wapi. Kama anatengeneza tokeni mpya, anawagawia thamani iliyomegwa kutoka zile mlizonazo tayari.

Mzee, Arua: Makato tunayajua. Ile kodi ya asilimia 1 ya pesa za simu, 2017 kama sikosei, si ilianza hivihivi kwa kuonekana ndogo?

Bodaboda, Jinja: Julai 2018, mzee. Nakumbuka abiria walivyorudia kunilipa taslimu.

Mzee, Arua: Sawa, 2018. Ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa tu. Lakini mpaka leo ukimtumia mgonjwa pesa, lazima uongeze ya kutolea.

Fundi simu: Basi mnanisaidia hoja! Kuna mitandao ya blokicheni ambayo ada yake huioni hata kwa darubini.

Mama wa mukene: Na sokoni nitanunua chumvi kwa hiyo tokeni? Nani atanigeuzia?

Mwanafunzi, Makerere: Hapo ndipo penye shida. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaandikia watoa huduma za malipo wasisaidie kugeuza sarafu hizi kuwa pesa za simu. Unamtafuta mtu wa kununua, naye anakata chake.

Fundi simu: Wasomi kazi yenu kuogopesha. Wewe umewahi kuhamisha hata tokeni moja?

Mwanafunzi, Makerere: Nimehamisha. Muamala ulishindikana, gesi, yaani ada ya mtandao, ikakatwa, haikurudi. Wiki ile nilikula mchana tu. Usiniambie naogopesha.

Mzee, Arua: Acheni kurushiana maneno. Dada yangu aliweka pesa za ng'ombe wawili kwenye kampuni moja ya sarafu iliyokuwa ikimlipa kila anayeleta mwenzake. Akawaleta shemeji zake watatu. Siku moja wakakuta mlango una kufuli. Ng'ombe wale dada amewasahau. Shemeji bado hawamsalimii.

Fundi simu: Pole sana, mzee. Lakini hiyo haikuwa blokicheni.

Mzee, Arua: Wenyewe walimwambia ni blokicheni. Angejuaje?

Fundi simu: Hapo sina jibu. Na Mama, lile neno la kibubu nalifuta.

Bodaboda, Jinja: Jumapili tuna kikao. Nitamuuliza huyo mshauri mbele ya wote: mwanachama anayetuma mara moja kwa mwezi anapata nini, na ada yake anakula nani?

Mama wa mukene: Na ya kutolea, mwanangu. Usisahau kumuuliza ya kutolea.