Mtoto akiua, kisha akarudia kuua: tumfanye nini?

Fundi wa Randa (anafungua mjadala)

Hamjambo nyote. Swali hili limenikaa moyoni tangu Julai 2021.

Mwezi huo polisi walimkamata Masten Wanjala, kijana wa miaka 20, wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10. Hapa Nairobi miili ilitolewa vichakani Kabete. Oktoba akatoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, na siku mbili baadaye umati ukamuua huko Bungoma. Hakuna mahakama iliyowahi kumpata na hatia, kwa hiyo nayataja tu waliyoyasema polisi. Lakini katika maelezo yao kuna neno ambalo wengi walilipita haraka: walisema alianza akiwa na miaka 16.

Kumi na sita, hata kitambulisho hana. Tuseme angekamatwa safari ile ya kwanza. Tungemfanya nini?

Niwaambie kwa nini nauliza. Nilifundisha useremala kwa miaka saba katika shule moja ya kurekebisha tabia, sitaitaja. Kila jioni kabla ya chakula tulihesabu vyombo: randa, misumeno, nyundo, patasi. Jioni moja patasi ya nusu inchi haikuonekana. Wavulana 22 wakasimama kwenye mstari, viganja wazi. Mmoja wao alikuwa ameletwa kwetu kwa kuwadunga kisu watu wawili, kwa nyakati tofauti, kabla hajatimiza miaka 15. Wote wawili walipona, Mungu mkubwa. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, ninayo mimi." Akaitoa ndani ya soksi, imeviringishwa kitambaa, imenolewa mpaka ukiipitisha mkononi inanyoa malaika. Nikamuuliza ni ya nini. Akajibu, "Sijui." Nilimwamini. Kweli hakujua.

Mwezi uliofuata muda wake ukaisha. Alitoka na cheti cha useremala na nauli ya matatu. Hakuna aliyeniuliza habari ya patasi, na fomu ya kumtoa haikuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilimkunja kwa miaka mitatu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama amekunjika.

Sasa tazameni Marekani. Katika mji wa Warwick, jimbo la Rhode Island, Craig Price alimuua mwanamke jirani yake mwaka 1987, akiwa na miaka 13. Mwaka 1989, ana miaka 15, akaingia nyumba nyingine akamuua mama na binti zake wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine 8. Alikamatwa chini ya mwezi mmoja kabla ya kutimiza 16, akakiri yote. Sheria ya jimbo hilo wakati huo ilisema mtoto wa umri wake hawezi kushtakiwa kama mtu mzima, na akifika miaka 21 lazima aachiliwe, hata awe amefanya nini. Watu wakaingiwa na hofu. Sheria ikabadilishwa mwaka uliofuata, lakini haikuweza kumrudia yeye. Basi serikali ikatafuta milango ya pembeni: alikataa kupimwa akili, akafungwa kwa kudharau amri ya mahakama, akamtishia mlinzi, akaongezewa, akapigana, akaongezewa tena. Mwaka 2019 alihukumiwa miaka 25 mingine kwa kumdunga mfungwa mwenzake huko Florida.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Tarehe ya kumtoa mtoto aliyeua isiandikwe siku ya hukumu kana kwamba ni tarehe ya mkopo kuisha. Kila baada ya miaka miwili aletwe mbele ya jaji. Walioishi naye waseme: mwalimu, mlinzi, daktari, mpishi. Jamaa za marehemu wawepo. Akiwa amebadilika, atoke hata mapema. Akiwa bado hatari, na ithibitishwe, abaki. Nipingeni.

Mama wa Uthiru

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho. Umesema "mtoto" mara nyingi, na karibu kila mara ulimaanisha yule aliyeua.

Mwaka huo wa 2021 mwanangu alikuwa na miaka 12. Tuliambiwa mtu huyo aliwavuta watoto kwa kujifanya kocha wa mpira. Mwanangu alikuwa anaenda uwanjani kila Jumamosi. Niliviangika viatu vyake vya mpira msumarini nyuma ya mlango, nikamwambia hatatoka. Alilia wiki nzima. Vilikaa pale mpaka miguu ikakua, nikavigawa. Na mimi ndiye niliyebahatika, kwa sababu wangu yuko hai anabishana nami.

Unataka mama aliyezika aitwe mahakamani kila baada ya miaka miwili, avae nguo yake nzuri, apande matatu, akakae chumba kimoja na aliyemnyonga mtoto wake, asikilize anavyosifiwa na mpishi? Mara ngapi? Aliyeua mara moja, mnaweza kunishawishi. Aliyeua, akalala, akaamka, akala, akaenda kutafuta mwingine, huyo abaki ndani. Miaka yake sina haja ya kuihesabu.

Wakili wa Milimani

Kwanza niweke sheria mezani. Tangu Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibika kwa kosa la jinai. Zamani ilikuwa 8. Aliye chini ya 14 huchukuliwa kwamba hatofautishi jema na baya mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu. Borstal, yaani taasisi ya kuwazuia na kuwarekebisha vijana wakosaji, kama Shimo la Tewa au Shikusa, haizidi miaka mitatu. Kunyongwa hapana kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya 18. Badala yake Kanuni za Adhabu zilisema azuiliwe "apendavyo Rais".

Maneno hayo tuliyarithi kwa Waingereza, na hapa yalizaa watu walioingia wakiwa watoto wakakaa bila kujua watatoka lini, kwa kuwa faili ilikuwa kwenye meza ya mtu asiyewajua. Mahakama Kuu imetamka zaidi ya mara moja kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Kifungu cha 53 kinataka mtoto azuiliwe kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi ufaao, na mbali na watu wazima.

Sasa, Fundi, pendekezo lako linanitia wasiwasi. "Hatari" inapimwa na nani? Nimesimama na wavulana ambao ripoti ya afisa wa probesheni iliandikwa kwa dakika 20 kwenye benchi la korido. Mwenye baba na shangazi wanaokuja kumtembelea ataonekana amebadilika. Wa mtaani, asiye na mtu, ataonekana hatari kila baada ya miaka miwili mpaka azeeke.

Na Mama, kwa heshima: Newcastle, Uingereza, mwaka 1968, msichana wa miaka 11 alipatikana na hatia ya kuwaua wavulana wawili wadogo, kwa nyakati tofauti. Aliua, akarudia. Aliachiliwa mwaka 1980, akapewa jina jipya, akazaa, akalea. Angebaki ndani?

Dereva wa Jogoo Road

Mimi nasema kifupi. Siku habari ilipofika kwamba wananchi wamemmaliza Wanjala, nilipiga honi kuanzia Makadara hadi City Stadium. Abiria walishangilia. Usiku nikafikiria wale wazazi. Kuna aliyekuwa bado anataka kujua mtoto wake alisema nini mwisho, au yuko wapi. Mdomo uliojua ndio tuliouziba. Sipigi honi tena kwa jambo kama lile.

Fundi wa Randa

Mama, nimekubali. Jamaa za marehemu wasilazimishwe kuja. Waandike, au wanyamaze, na ukimya wao usihesabiwe kuwa msamaha. Hilo nililikosea, kwa sababu nilifikiria chumba kile nikiwa upande wa mwalimu.

Wakili, hoja yako ya mtoto asiye na mtu ni nzito, na sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba mzigo wa kuthibitisha hatari uwe wa serikali, mtoto awe na wakili anayelipwa na serikali hiyohiyo, na ripoti ya benchini ikataliwe na jaji papo hapo. Kama serikali haiwezi kuthibitisha, atoke. Naogopa kuandika hivyo, lakini naandika. Huyo msichana wa Newcastle na huyo wa Rhode Island, siku walipokamatwa hakuna ambaye angeweza kusema yupi atakuwa yupi. Ndiyo maana nataka mtu awatazame njiani.

Mama wa Uthiru

Mwalimu, sijabadilisha msimamo. Lakini nina swali. Yule wa patasi aliishia wapi?

Fundi wa Randa

Nilimkuta Gikomba, miaka mitatu baada ya kutoka. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, maranda yamemfika vifundoni. Akaacha kazi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaninunulia chai na mandazi. Tuliongea habari za bei ya mbao za mvule na za saipresi, na za mtoto wake wa kike aliyezaliwa Pumwani. Juu ya meza yake kulikuwa na patasi nne zimepangwa kwa ukubwa. Nilizitazama, akaniona nikizitazama. Hakuna aliyesema kitu.

Nilimaliza chai, nikaenda zangu.