Je, wanaongezeka, au wanaojitaja ndio wanaoongezeka?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum. Juzi barazani tulibishana hadi adhana ya isha kuhusu watu wanaojitambulisha kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Katika sensa ya Kanada ya mwaka 2021, watu 100,815 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, yaani takriban mmoja katika kila 300, walijieleza hivyo. Miongoni mwa waliozaliwa kati ya 1997 na 2006 kiwango kilikuwa asilimia 0.79, ilhali kwa wazee wa rika la babu zetu hakikufika hata asilimia 0.2. Mwenzangu alisema huo ni mtindo wa vijana. Mimi nilishikilia kwamba watu hao walikuwapo tangu zamani, ila hawakupewa nafasi ya kusema. Nilimkumbusha marehemu mmoja wa mtaani kwetu, aliyezaliwa mwanamume, lakini akijifunga leso na kupiga vugo pamoja na wanawake kila palipokuwa na harusi, na hakuna aliyemfukuza wala kumuuliza lolote. Je, kimya kile kilikuwa ndiko kukubaliwa? Na ni nini hasa kinachopandisha takwimu hizi?

Mwalimu wa Shela

Waaleikum salaam. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nilipokuwa chuoni, maalim aliufunga mkono huo kwa kitambaa kila tulipoandika ubaoni, na nyumbani mama alinipiga vidole nikigusa wali nao. Mpaka leo naandika kwa mkono wa kulia, tena vibaya, lakini nyundo naishika kwa kushoto. Karani yeyote angenihesabu upande wa kulia bila kusita. Huko Marekani, miongoni mwa waliozaliwa karibu na mwaka 1900, wenye kutumia kushoto walikuwa wachache mno, na kwa waliozaliwa katikati ya karne wakazidi asilimia 10, kisha kiwango kikatulia, kwa sababu kilichobadilika ni malezi, si mikono. Naona jambo la ndugu yetu linaelekea huko huko.

Bi Muuguzi (Malindi)

Mwalimu, mfano wako ni mzuri, lakini unatufikisha nusu ya njia. Katika kliniki ya taifa ya vijana wa Uingereza, waliopelekwa kwa sababu ya mashaka juu ya jinsia yao walikuwa chini kidogo ya 250 katika mwaka wa 2011/12, na kufikia 2021/22 walikuwa zaidi ya 5,000. Aidha, zamani wengi walikuwa wavulana kwa kuzaliwa, kisha wasichana wakawa ndio wengi. Daktari Hilary Cass, aliyepewa kazi ya kuichunguza huduma hiyo, katika ripoti yake ya Aprili 2024, alikataa kueleza ongezeko hilo kwa kukubaliwa na jamii peke yake. Kama ni jamii tu iliyolegeza kamba, mbona wanawake wa miaka 40 na 50 hawakujitokeza kwa kasi hiyo hiyo? Mtaniambia kwamba mwenye mume na watoto ana mengi zaidi ya kupoteza, nami sitabisha, ila hilo halielezi kasi yote. Tena foleni ya kliniki huhesabu wanaotafuta msaada, nao si sawa na wanaojitambulisha.

Karani Mstaafu (Malindi)

Nami naongeza kwamba takwimu hutegemea swali. Sensa ya Uingereza na Wales ya 2021 ilipata watu 262,000, yaani asilimia 0.5, na kiwango kikubwa zaidi, asilimia 1.5, kilikuwa Newham, mtaa wa London wenye wahamiaji wengi. Baadaye ilionekana kwamba huenda baadhi ya wasiokijua vyema Kiingereza hawakulielewa swali, na mwaka 2024 takwimu hizo zikaondolewa hadhi ya takwimu rasmi zilizothibitishwa. Sisi wenyewe, ni wangapi wanaopambanua jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani mtu anavyojitambua, wanapozungumza?

Kwetu, sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsi mbili, ikawapata 1,524. Hao ni habari ya maumbile, wala wasichanganywe na wanaoulizwa hapa, ambao fomu yetu haikuwauliza kabisa. Lakini nilipokuwa nikihesabu watu mlango kwa mlango nilijifunza jambo. Mama mmoja, mumewe akiwa amesimama nyuma yake, alinijibu haraka kuwa mtoto ni msichana, kisha akanifuata hadi kichochoroni kunisahihisha.

Ama yule marehemu wa Langoni, alivumiliwa maadamu hakudai karatasi. Audrey Mbugua, mwanamke wa hapa Kenya aliyeandikishwa mwanamume alipozaliwa, alipotaka jina lake libadilishwe kwenye cheti cha mtihani, ilibidi aende Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2014 iliamuru apewe cheti kipya kisichotaja jinsia.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Nashukuru sana. Mfano wa mkono wa kushoto nitaupunguzia uzito, kwa sababu ya Bi Muuguzi. Mzee wangu Karani, pale mlangoni ulitumia neno gani?

Karani Mstaafu (Malindi)

Mimi nilisema "jinsi mbili", mwanangu, na mama hakuitika. Kichochoroni yeye mwenyewe ndiye aliyesema "huntha", neno alilolisikia darsani, nami nikaifungua tena fomu.