Hondohondo wa ukutani: karatasi ya zamani au kopi ya kupakwa rangi?

Shangazi wa Raskazoni
Wadau, natamani picha ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, zile zilizopakwa rangi kwa mkono. Muuzaji mmoja wa London ana karatasi iliyotoka kwenye kitabu cha Elliot kuhusu ndege hao, cha 1877–1882, mchoraji Keulemans. Bei yake na usafiri ni sawa na mbuzi wanne. Au nitoe kopi tu hapa Tanga mjini? Nyumba yangu inatazama bahari.

Mpenda Ndege, Muheza
Umechagua ndege! Huku Amani unasikia mbawa zake kabla hujamwona. Usilipe kwanza, omba picha ya karibu ya jicho. Zile zilichapwa kwa jiwe, wino mweusi tu, kisha wapakaji wakatia rangi ya maji karatasi moja moja. Ndiyo maana rangi huruka mstari kidogo, na jicho mara nyingi hupakwa gundi ling'ae. Ukiona vinukta vya bluu, waridi na njano, hiyo ni ya mashine, hata kama karatasi imezeeshwa kwa chai.

Fundi Fremu, Ngamiani
Mie naogopa hiyo bahari. Unyevu wetu huitia karatasi madoa ya kahawia. Niliwahi kufungua fremu ya mteja, picha imegandana na kioo. Nilipoibandua, kichwa cha ndege kikabaki kiooni. Weka kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse. Ukuta wa jua usahau, rangi ya maji hupauka. Na tafadhali, msilaminishe!

Kijana wa Bagamoyo
Shikamoo shangazi. Hela ya London ya nini? Kitabu hakina tena hakimiliki, na kurasa zake ziko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Pakua, ondoa rangi kwa kompyuta, chapa kwenye karatasi nzito ya pamba, mpe msanii aliyesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha huku kwetu, apake. Ndege mwenyewe mweusi na mweupe, kazi iko mdomoni na jichoni. Ikiota ukungu, unachapa nyingine.

Mpenda Ndege, Muheza
Hapana bwana. Ile ya zamani imeshikwa na mpakaji wa enzi zile. Ningeinunua, niitundike koridoni kwenye kivuli.

Fundi Fremu, Ngamiani
Kijana kasema kweli, ila nyuma aandike mwaka wa leo. Wajukuu wasije wakaiuza kama ya kale.

Shangazi wa Raskazoni
Marahaba mwanangu. Korido yangu ndiyo inayovuja. Nakuja Bagamoyo Jumamosi, na jicho lazima ling'ae.